Tafuta Mtangazaji Kabla ya Chaneli

Swali: Nimejiunga na redio ya setilaiti ya SiriusXM hapa Marekani, lakini chaneli nyingi hurudia nyimbo zilezile. Nitapataje vipindi vya muziki vyenye maana?

Jibu: Ndugu msomaji, mtafute mtangazaji kabla ya chaneli, kwa kuwa chaneli nyingi huzungusha orodha fupi ya nyimbo, ilhali mtu anayejichagulia santuri zake hukufikisha usikotarajia. Mfano ni kipindi cha mwanamuziki Bob Dylan, kilichoanza kurushwa na XM mwaka 2006, miaka miwili kabla ya kampuni hiyo kuungana na Sirius, ambacho kila toleo lake lilishika mada moja, la kwanza likihusu hali ya hewa. Ipitie ratiba ya wiki nzima, na marudio ya vipindi (ambayo wengi huyadharau) usiyaruke.