Great Ocean Road: usiimalize kwa siku moja

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kwa Great Ocean Road, ile barabara ya pwani kule Australia, ukitokea Melbourne. Kufika utafika, ila utaona lami tu. Barabara ni kilomita 240 hivi, kona tupu. Waliichonga kwa sururu wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza, 1919 hadi 1932. Nakusihi, tenga siku 3. Anzia Torquay kuelekea magharibi: kule huendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo bahari itakuwa upande wako wa barabara. Pale Kennett River shuka, inua macho kwenye mikaratusi, umtafute koala aliyejikunyata kwenye panda ya tawi, kalala fofofo. Lala Apollo Bay. Twelve Apostles, zile nguzo za mwamba zilizosimama baharini, ziendee jioni, jua likishuka. Usiku usiendeshe, kangaruu hukatiza ghafla.