Kipi kilitangulia: maji kupungua au gari kuchemsha? Kwa wenye dizeli za zamani

Peleka gereji dizeli inayochemsha, na mara nyingi utapewa jibu moja kati ya mawili: toa themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto), au fungua hedi (kichwa cha injini). Yote mawili ni kuanzia mwisho. Kwenye injini za Toyota kama 2L, 3L, 5L na 1KZ-TE, ambazo zimo kwenye Hiace, Hilux, Surf na Prado nyingi zilizobaki barabarani, kuna swali la kujibu kabla ya kushika spana. Maji yalipungua ndipo injini ikachemsha, au injini ilichemsha ndipo maji yakamwagika?

Gari linalopungukiwa maji kidogo kidogo huku joto likiwa la kawaida linavuja mahali. Gari ambalo asubuhi unalikuta na maji kamili, halidondoshi kitu, lakini likipanda mlima Kitonga na mzigo linapata moto, limeshindwa kujipoza. Na lile linalosukuma maji kwenye kikopo cha rizevu dakika chache tu baada ya kuwashwa lina gesi ya mwako inayoingia kwenye njia za maji. Ni magonjwa matatu tofauti, ingawa yote huishia kwenye mvuke chini ya boneti.

Injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta mpaka shingoni na rizevu mpaka mstari wa juu, bandika kipande cha utepe kwenye usawa wa maji, andika kilomita. Kila asubuhi angalia tena, na unachoongeza kipime kwa chupa ya nusu lita. Fanya hivyo wiki nzima. Fundi akiambiwa "nusu lita kila kilomita mia mbili, hasa nikienda safari ndefu" ana pa kuanzia. Akiambiwa "linakunywa maji" atabahatisha, na kubahatisha kwake utakulipia wewe.

Mshale wa joto usiuamini sana. Kwenye mengi ya magari haya umetengenezwa utulie katikati kwa nyuzi nyingi za joto, hivyo ukiuona umeanza kupanda, injini imeshapita kiwango salama. Kibaya zaidi, maji yakiondoka kwenye hedi sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka. Ukiona umeshuka ghafla mlimani, na hita uliyoiwasha inapuliza upepo wa baridi, usifurahi. Maji yamekwisha, zima injini hapo hapo.

Pale yanapovujia

Uvujaji mwingi haudondoki chini. Maji hutoka mfumo ukiwa na presha na moto, hukauka juu ya chuma, na huacha ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kulingana na kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji) uliyoweka. Tafuta ukoko huo asubuhi kwa tochi: kwenye maungio ya rejeta kati ya plastiki na aluminiamu, chini ya klipu za mipira, kwenye frosti plagi (vizibo vya chuma) za ubavuni mwa bloku, na kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya wota pampu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi ili sili ya pampu ikichoka maji yatokee nje. Kukiziba kwa gundi ni kupeleka maji kwenye beringi ya pampu.

Sehemu inayosahaulika sana ni hita ya nyuma. Prado, Surf na Hiace nyingi zilizotoka Japani zina mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu kwenda kwenye hita ya abiria wa nyuma. Yanaoza kutokea nje kwa chumvi na matope, na yakivuja ukiwa mwendoni upepo hupeperusha maji yote. Kama hita hiyo huitumii, yakatize mbele kwa kuunganisha bomba la kwenda na la kurudi. Hita ya mbele nayo ikivuja, zulia la abiria linalowa, kioo kinapata ukungu wenye mafuta, na ndani kunanukia utamu.

Gari la gia za otomatiki lina kipozeo cha oili ya gia ndani ya rejeta. Kikipasuka, maji na oili hubadilishana. Chomoa stiki ya oili ya gia: ikiwa na rangi kama maziwa ya waridi, usiliendeshe tena hata kwenda gereji. Livute.

Ukikosa dalili kwa macho, tumia pampu ya kupimia presha ya rejeta. Injini ikiwa baridi, ifunge mahali pa kifuniko, pampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko (mara nyingi 0.9 au 1.1, yaani takriban bar moja), kisha subiri dakika 15. Geji ikibaki palepale, rudia injini ikiwa vuguvugu. Usizidishe presha ukitaka kuharakisha. Utapasua rejeta iliyokuwa nzima.

Kifuniko na themostati

Hivi ndivyo vifaa vya bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo, na ndivyo vinavyosingiziwa au kusahaulika kuliko vyote.

Kifuniko kina vali mbili. Ile kubwa inabana presha ili maji yasichemke mapema. Kwa bar 0.9, maji matupu usawa wa bahari hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gari lenye kifuniko kilichokufa linaweza kuvumilia Dar es Salaam na kuchemsha Uyole, Mbeya, bila kuharibika kitu kingine chochote. Vali ndogo ya katikati inarudisha maji kutoka rizevu injini ikipoa. Ikiganda, utakuta rizevu imejaa, rejeta imepungua, na mpira wa juu umebonyea asubuhi. Raba ya kifuniko ikiwa ngumu au imekatika, nunua kipya chenye namba ileile. Namba kubwa zaidi si dawa.

Themostati kuitoa moja kwa moja ni kosa, hata kwenye joto la Dar. Themostati za injini nyingi za aina hii zina kisahani cha chini ambacho, injini ikipata moto, huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote: sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Matokeo yake gari ni baridi kupita kiasi likiwa tambarare, dizeli haiungui vizuri, halafu kwenye mlima linachemsha kama zamani au zaidi. Kuipima ni rahisi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa chini. Iliyoandikwa 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi hizo, na kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Unapoirudisha kwenye injini, kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu, maana ndicho kinachopitisha hewa.

Maji yapo lakini linachemsha

Angalia linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukipata mwendo, shida ni upepo: feni. Likiwa sawa mjini na kuchemsha kwenye mwendo kasi au mlimani na mzigo, shida kwa kawaida ni maji kutopita vya kutosha: rejeta imeziba, mkanda unateleza, au mapanga ya wota pampu yameliwa.

Feni ya injini hizi huendeshwa na klachi yenye oili ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, kisha izungushe kwa mkono: inapaswa kukataa na kusimama mapema. Ikizunguka huru mizunguko kadhaa, au mbele ya klachi pana michirizi ya oili iliyoshika vumbi, klachi imekwisha. Kuna wanaoichomelea ili izunguke muda wote. Inapoza, ndiyo, lakini inakula dizeli, inapiga kelele, na panga likikatika kwenye mzunguko mkubwa linaingia kwenye rejeta. Kava la plastiki linaloizunguka feni nalo lirudishwe. Bila hilo feni inavuta hewa ya moto ya palepale ndani.

Rejeta ipime kwa kipimajoto cha miale, injini ikiwa na moto wa kazi. Pitisha taratibu uso wote. Joto lishuke kwa mpangilio kutoka upande maji yanapoingia kwenda yanapotokea. Ukikuta eneo la baridi lenye mipaka, mirija ya hapo imeziba. Maji ya chumvi ya visima, kama ya Singida na Dodoma, huacha magadi ndani ya mirija, na kuisafisha kwa presha ya nje hakusaidii. Kwa nje, tenganisha kondensa ya AC na rejeta uone kilicho katikati: mara nyingi ni zulia la vumbi, majani na wadudu. Safisha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele.

Vyote hivyo vikiwa safi, uliza kama pampu ya dizeli imewahi kuguswa. Kuongeza dizeli ili gari "livute" kunaongeza moto kuliko uwezo wa rejeta. Moshi mweusi mzito mlimani ni dalili yake.

Gasketi au hedi

Hedi ya aluminiamu ya 1KZ-TE inajulikana kwa kupasuka baada ya kuchemshwa, na 2L yenye tabo haiko mbali. Lakini thibitisha kwanza.

Anza injini ikiwa baridi, kifuniko kimefungwa. Shika mpira wa juu. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, hiyo presha haikutokana na joto. Kisha siku nyingine fungua kifuniko injini ikiwa baridi, weka faneli yenye maji, iwashe. Mapovu ya mwanzoni ni hewa ya kawaida. Yanayoendelea baada ya themostati kufunguka, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi. Ile dawa ya bluu inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya mwako ni nzuri, ila kwa dizeli ina kasoro: injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) gesi yake ina kaboni dayoksaidi kidogo, hivyo dawa inaweza kubaki bluu huku gasketi (inayoziba kati ya hedi na bloku) imeungua. Pima baada ya kulipandisha mlima.

Oili safi haithibitishi kuwa gasketi ni nzima. Gesi inaweza kuingia kwenye maji bila tone moja kufika kwenye oili. Moshi mweupe nao unuse: wa maji una utamu wa kulanti, wa dizeli isiyoungua unachoma macho.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki. Jioni ondoa hita plagi zote, pampu mfumo mpaka kiwango cha kifuniko, uache usiku kucha. Asubuhi kaa pembeni na mwambie mtu apige stata. Tundu litakalorusha ukungu wa maji ndilo silinda yenye shida. Na kama maji yamekuwa yakijikusanya humo usiku, kuondoa hita plagi kumekuokoa: maji hayabanwi, na pistoni ikiyapiga kwa nguvu koni rodi inapinda.

Hedi ikifunguliwa, ipelekwe kupimwa presha ikiwa imepashwa moto. Ufa mwembamba kati ya vali hufunga chuma kikiwa baridi na kufunguka kwenye joto la kazi, ndiyo maana hedi "nzima" hurudi gereji baada ya mwezi. Ikichongwa, vali na vyumba vya mwako wa awali lazima virudishiwe kimo chake. Gasketi nayo ichaguliwe kwa kupima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku, kwa sababu zinauzwa kwa unene tofauti wenye alama. Kuchukua yoyote iliyopo dukani ni kubadilisha mgandamizo bila kujua.

Ukijaza maji baada ya kazi, pandisha pua ya gari kwenye mwinuko, fungua hita za mbele na nyuma kwenye moto kamili, mimina taratibu kulanti nusu kwa maji yaliyochujwa nusu, acha injini izunguke mpaka themostati ifunguke, ongeza. Kesho yake asubuhi itashuka tena kidogo. Ongeza, bandika utepe upya kwenye rizevu, na andika kilomita.