Afya ya Uzeeni: Baiskeli Iliyoegemezwa Ukutani

Barua zilizotufikia safari hii nyingi zilihusu mazoezi baada ya miaka 60, hususan kuendesha baiskeli. Tumechagua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa kuwa inagusa nyumba nyingi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri wangu ni miaka 68, na ninaishi Ngamiani, Tanga. Kwa zaidi ya miaka 30 nilikwenda kazini kwa baiskeli. Tangu nistaafu, baiskeli imeegemezwa ukutani uani, nami nashinda barazani. Miaka minne iliyopita niligunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Ninameza vidonge kila siku na vipimo vyangu vimetulia. Ninataka kurudi kwenye baiskeli, lakini wanangu wamenikataza. Wanasema umri umekwenda na barabara za leo si zile za zamani, na kila ninapotaka kutoka wananiitia bodaboda. Ni nani mwenye haki kati yetu? *Mstaafu, Tanga*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Wanao wana haki katika jambo la barabara, na nitalirudia hapa chini. Katika jambo la umri wamekosea, ijapokuwa wamekosea kwa mapenzi, na ningefurahi kama wangeyasoma majibu haya pamoja nawe.

Misuli ya mwanadamu huanza kupungua polepole tangu makamo, na baada ya miaka 60 upungufu huo huongezeka kasi. Lakini sehemu kubwa ya udhaifu tunaouita uzee hutokana na kukaa. Mguu usiobeba kitu husinyaa hata kwa kijana aliyefungwa plasta kwa wiki sita, sembuse kwa mzee anayetoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti kwenda nyuma ya pikipiki. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la *Lancet* matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokuwa wameketi kutwa nzima, waliugua maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, ambao kazi yao iliwalazimu kupanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Basi ni lile lile na mji ni ule ule. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya kukaa na kutembea. Morris mwenyewe alikuwa mtu wa mazoezi hadi uzeeni, na alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kuhusu kurudi baada ya kuacha, yupo mtu ninayependa kumtaja kila ninapoulizwa swali kama lako. Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, aliendesha baiskeli ujanani, akaiacha kwa miaka mingi ya kutafuta riziki, kisha akairudia akiwa anakaribia miaka 70, yaani umri wako. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alikwenda kilomita 24.25 kwa saa moja katika uwanja wa mbio za baiskeli. Miaka miwili baadaye akafikisha kilomita 26.927 katika muda huo huo. Mtaalamu aliyefuatilia mazoezi yake, Véronique Billat, alipima uwezo wa mwili wake kutumia hewa ya oksijeni na kukuta kwamba uliongezeka kati ya umri wa miaka 101 na 103. Sizitaji habari hizi ili ushindane na mtu. Nazitaja kwa sababu mazoezi yaliyomletea ongezeko hilo yalikuwa, kwa sehemu kubwa sana, ya mwendo mwepesi, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyokuwa ya kujikaza.

Kabla ya kuiondoa baiskeli ukutani, nenda katika kituo unachochukulia dawa ukawaeleze nia yako. Siku utakayopima shinikizo na kukuta limefika 180 kwa 110 au zaidi, usipande baiskeli, rudi kliniki. Uliza pia jina na kazi ya vidonge vyako, kwa maana vina uhusiano na safari. Baadhi yake, kama atenolol na propranolol, huupunguzia moyo kasi, hivyo kuhesabu mapigo hakutakuonyesha ukweli wa juhudi yako. Vingine huondoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na kwa joto la Tanga mtu aliyevimeza huweza kupatwa na kisunzi upesi. Ikiwa ndivyo vyako, mweleze daktari saa unazokusudia kuendesha na umuulize maji unayopaswa kunywa.

Kipimo cha juhudi kilicho bora kwako hakihitaji saa wala kifaa. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku ukiendesha, lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni sahihi. Ukikatika maneno, punguza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za juhudi ya wastani kwa wiki, hata kwa waliovuka miaka 65, na limeondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kisipungue dakika 10. Maana yake ni kwamba safari fupi ya kwenda sokoni na kurudi nayo inahesabiwa. Wewe usianze na 150. Kwa wiki mbili za mwanzo tembea kwa miguu dakika 15 kila asubuhi, kisha panda baiskeli dakika 10 siku tatu za wiki, na uongeze dakika chache tu kila wiki iingiapo. Ukisikia uzito au maumivu kifuani, hasa yanayokwenda mkononi, shingoni au tayani, ukiishiwa pumzi kwa namna isiyo ya kawaida, au macho yakifunga giza, shuka, keti, na uombe msaada upelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kusubiri kesho kumegharimu maisha ya watu wengi.

Sasa baiskeli yenyewe. Iliyokaa ukutani miaka yote hiyo ipeleke kwa fundi abadilishe raba za breki, akague matairi na mnyororo, na alainishe magurudumu. Kama ni ile ndefu yenye bomba la juu, fikiria kuibadilisha na ile inayoitwa ya kike, ambayo mguu hupita mbele bila kurushwa juu ya kiti. Wanaume wengi wa rika lako huiona fedheha, nami nawasihi waliache jambo hilo, kwa sababu wazee wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka, si wakati wa mwendo. Kwa wiki za kwanza shusha kiti kiasi cha kukanyaga chini kwa miguu yote miwili ungali umeketi. Ukishazoea, kipandishe hadi kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa goti linyooke. Hapo ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Siku ya Ijumaa, ukiwa umevaa kanzu, ama ikunje juu ya magoti na kuifunga, ama tembea, kwani kanzu ikinaswa na mnyororo mtu huanguka ghafla pasipo nafasi ya kujishika.

Na barabara, ambayo wanao wanaihofia kwa haki. Toka baada ya swala ya alfajiri kukiwa kumepambazuka, kabla ya pikipiki kujaa. Zunguka mitaa ya ndani, ambayo kwenu Tanga ni ya tambarare na imenyooka, na ukilazimika kuvuka barabara kuu, shuka uikokote. Vaa kofia ngumu na shati la rangi inayoonekana. Fanyiwa uchunguzi wa macho, kwa kuwa mtoto wa jicho huanza taratibu kiasi cha mwenyewe kutotambua, na pima masikio pia. Wiki ya kwanza mmoja wa wanao au wajukuu aendeshe nyuma yako. Naamini atakayeona jinsi unavyokwenda ataacha kukuitia bodaboda.

SWALI: Nina miaka 63, ni bibi wa wajukuu watano, naishi Unguja. Magoti yananiuma, hasa ninapoinuka kutoka kwenye mkeka, na daktari amesema ni kusagika kwa gegedu, yaani ule mto laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti. Mwanangu aliyeko Muscat ameniletea baiskeli ya mazoezi ya ndani, lakini naogopa itazidi kuyaharibu magoti. Pia sijawahi kujifunza baiskeli ya kawaida; je, nimechelewa? *Bibi, Unguja*

JIBU: Shikamoo, Bibi. Hiyo baiskeli ya ndani ni zawadi njema kwako, wala usiiogope. Goti lenye gegedu lililosagika huumizwa zaidi na uzito wa mwili unaposhuka ngazi au kuchuchumaa. Kwenye baiskeli uzito huo hubebwa na kiti, na goti hukunjuka na kukunjwa bila kuelemewa. Zaidi ya hayo, misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolishikilia goti, na inapopata nguvu maumivu ya watu wengi hupungua. Weka ukinzani mwepesi kabisa, zungusha dakika 5 asubuhi na 5 jioni, na baada ya wiki mbili uongeze kidogo kidogo. Ukisikia maumivu upande wa mbele wa goti, kwanza tazama kiti, kwa kuwa kikiwa chini mno goti hukunjwa kupita kiasi. Maumivu madogo yanayotoweka kabla ya siku ya pili si ya kukutisha. Goti likivimba au likipata joto, pumzika na urudi kwa daktari.

Ongeza zoezi la kiti: keti kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta, kunja mikono kifuani, inuka, kisha keti tena polepole. Fanya mara 5, na ukiweza fikisha 10. Ukishindwa bila mikono, jishike mwanzoni. Hili ndilo litakalokusaidia kuinuka kwenye mkeka, kuliko dawa yoyote ya kupaka niijuayo.

Kuhusu kujifunza baiskeli ya barabarani, sitakwambia umechelewa, lakini kwako wewe singeianza hiyo. Baada ya hedhi kukoma mifupa ya mwanamke hupoteza uimara kwa haraka, na kuvunjika nyonga katika umri huu ni msiba mkubwa kwa mgonjwa na kwa wanaomuuguza. Kama moyo bado unaitaka, iwe ya magurudumu matatu, katika uwanja usio na magari, na baada ya miezi michache ya mazoezi ya ndani.

SWALI: Nina miaka 66, nauza samaki Bagamoyo, na tangu ujana nazungusha biashara yangu kwa baiskeli kila siku. Nina kisukari na natumia vidonge vya glibenclamide. Je, ninahitaji mazoezi mengine, na kuna hatari yoyote? *Mchuuzi, Bagamoyo*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kwa moyo na mapafu unafanya kuliko wengi. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa waendesha baiskeli 125 wenye umri wa miaka 55 hadi 79, wakakuta kwamba kinga zao za mwili zilifanana kwa kiasi fulani na za vijana na kwamba misuli yao haikuwa imepungua kama ilivyozoeleka. Ila nikuweke wazi: watu wale walichaguliwa wakiwa na afya njema, wavuta sigara na wenye shinikizo la damu hawakuwemo, kwa hiyo wewe mwenye sukari usiyachukue matokeo hayo mazima mazima.

Hatari yako iko katika kidonge hicho, ambacho huendelea kushusha sukari hata pale kazi ya miguu inapokuwa tayari imeishusha. Usitoke bila kula, na mfukoni uwe na glukosi ya unga au pakiti ya sukari. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, simama, kula vijiko vitatu vya chai vya sukari, subiri dakika 15, na usiendelee na safari hadi utulie na ule chakula. Jioni kagua nyayo zako, kwa kuwa kidonda kidogo kilichosababishwa na pedali au kandambili huenda usikisikie.

Mazoezi mengine unayahitaji, kwa sababu baiskeli haiipi mifupa mzigo wa kutosha na haikufundishi kusimama imara. Mwongozo ule ule wa mwaka 2020 unawataka waliovuka miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani siku tatu au zaidi kwa wiki. Tembea kwa miguu sehemu ya njia yako, nyanyua ndoo ya maji iliyojaa nusu kwa kila mkono kwa zamu, na kila asubuhi unapopiga mswaki simama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha badilisha, huku mkono ulio huru ukiwa karibu na ukuta.