Sindano, kijiti na maneno ya mama mkwe

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji: "Dada, nilichoma sindano ya uzazi wa mpango, huu mwezi wa nne sioni siku zangu. Mama mkwe anasema damu inajikusanya tumboni, itakuja kuwa uvimbe. Nifanyeje?" Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2016, nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele.

Mdogo wangu, nitakujibu. Ila kwanza nikusimulie.

Kifungua mimba wangu alizaliwa Machi 2014. Nilikuwa nanyonyesha, nikaamini kunyonyesha kunatosha. Kweli kunakinga, lakini kwa masharti matatu: mtoto hajafika miezi sita, hapewi kitu kingine zaidi ya ziwa, na mama hajaanza kuona siku zake. Wangu alikuwa na miezi minane, anamaliza bakuli zima la uji. Nikanasa mimba. Nikamwachisha ziwa ghafla, akaanza kuharisha, mashavu yakaisha. Mnajua kilichosemwa: nimembemenda mtoto, yaani nimemdhoofisha kwa kubeba mimba akiwa bado ananyonya. Mama mkwe hakunitamkia usoni. Alimwambia jirani, kwa sauti ya kutosha nisikie nikiwa jikoni. Mpaka leo nikilisikia neno hilo tumbo linanikaza. Mtoto alikuwa anashindia uji wa maji na sukari, basi, hapakuwa na laana yoyote.

Wa pili akaja Agosti 2015. Wiki ya sita nikampeleka kliniki, nesi akaniuliza, "Mama, wewe unatumia njia gani?" Nikasema sina. "Utachoma sindano?" Nikaitikia. Dakika tatu baadaye niko nje, nimebana pamba begani na kadi mpya mkononi. Foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe, kwa hiyo simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Miezi ya mwanzo nilipata matone ya damu karibu wiki tatu mfululizo. Nashona huku nimekaa upande, kila nikiinuka nageuka kuangalia kiti. Baadaye siku zikapotea kabisa, na hapo ndipo hadithi ya damu kujaa tumboni ilipoanza. Uzito ulitoka kilo 58 hadi 67. Wengine sindano huwaongezea mwili kweli, ila nisiisingizie kilo zote tisa, mkabala na fremu yangu ya kushonea kulikuwa na mama anauza chapati.

Na faida? Faida ilikuwa kulala. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu sikuhesabu tarehe. Nilianza na cherehani moja kwenye baraza ya mtu, nikafika fremu yenye cherehani tatu na wasichana wawili wa kunisaidia. Sare za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwangu. Sikuyapata hayo kwa sababu ya sindano peke yake, lakini kwa mimba ya kila mwaka nisingeyapata.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuficha. Kadi niliiweka ndani ya kopo la vifungo. Siku moja baba watoto akawa anatafuta chenji ya kumpa bodaboda, akalifungua. Hakugomba. Aliisoma tarehe moja moja, akaikunja kama alivyoikuta, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi humu ndani ni mpangaji?" Wiki nzima alilala ameuelekea ukuta. Ningejua, ningemwambia mwenyewe. (Najua wapo wanawake ambao wakisema watapigwa. Dada, kama wewe ni mmoja wao, ficha. Siwezi kukuhubiria ukweli wakati mwili utakaoumia ni wako.)

Tukapatana tuongeze wa tatu. Sindano ya mwisho nilichoma Aprili 2018. Nilidhani Julai nikiikosa inayofuata, Agosti nitabeba. Agosti ikapita. Septemba Rais Magufuli, akiwa Meatu mkoani Simiyu, akasema hadharani kwamba watu waachane na uzazi wa mpango. Mama mkwe akaongeza sauti ya redio, kisha akaniangalia. "Hata Rais kasema." Na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha, nalilia mimba usiku! Ikawa ni kizazi kimekauka, kimechomwa na dawa za Wazungu. Akaniletea mizizi ya kuchemsha, chungu kama shubiri. Nikanywa. Nani hanywi?

Nilishika mimba Machi 2019, miezi 11 baada ya sindano ya mwisho. Daktari aliyenipima alishangaa nilivyolia. Akasema mbona ni kawaida, wanaoacha sindano kwa wastani huchukua kama miezi 10 tangu walipochoma ya mwisho, wengine zaidi, na kizazi hakiharibiki. Sentensi moja. Ningeambiwa ile siku ya pamba begani, nisingekunywa mizizi wala kumkwepa mume wangu machoni.

Kwa hiyo, wanawake wenzangu, swali la kwanza unapoingia chumba cha nesi ni hili: nikitaka mtoto, nitampata baada ya muda gani? Sindano inachelewesha. Vidonge, kijiti na kitanzi (kile kinachowekwa ndani ya mji wa mimba), ukiacha au vikitolewa, uwezo wa kubeba unarudi mapema. Mimi wa tatu alipofikisha wiki sita niliweka kijiti kile cha miaka mitatu. Kinaingia chini ya ngozi ya mkono kwa ndani, unapigwa ganzi. Nikikigusa nakisikia kama njiti ya kiberiti. Nacho kiliniletea matone, ila safari hii niliyatarajia, na kitu unachokitarajia hakikukoseshi usingizi.

Kitanzi cha shaba hakina homoni na kinaweza kukaa miaka 10, lakini kama hedhi yako ni nzito na yenye maumivu, kinaweza kuizidisha. Vidonge vya majira vinataka mtu wa saa, mimi ningevisahau. Vile vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha ya kupanda wala anayenyonyesha mtoto mchanga. P2 ni dawa ya dharura, jamani, unaimeza ndani ya saa 72 baada ya tendo, na mapema ndiyo bora. Msiigeuze kuwa ya kila Jumamosi. Na hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachozuia Ukimwi wala kaswende isipokuwa kondomu.

Semeni pia dawa mnazotumia. Fundi mwenzangu alikuwa na kijiti, akaugua kifua kikuu, akaanza dozi. Ile rifampisini iliyomo kwenye dozi hupunguza nguvu ya kijiti. Hakuna aliyemuuliza, naye hakujua kama ni jambo la kusema. Akabeba mimba na kijiti mkononi, na mtaani ikawa ushahidi kwamba njia za uzazi wa mpango ni uongo. Ulizeni! Kaeni kwenye kile kiti mpaka mjibiwe, hata wa nyuma yako akisonya. Ni mwili wako, wa nyuma atasubiri.

Sasa wewe mdogo wangu wa ujumbe. Damu haijajaa popote. Sindano inafanya ukuta wa mji wa mimba usijijenge, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Baada ya mwaka karibu nusu ya wanaochoma huwa hawaoni siku kabisa. Lakini hesabu tarehe zako: kama sindano ya pili hukuchoma au ulichelewa, pima mimba kwanza. Na ukiona damu nyingi isiyokatika, au kichwa kinauma sana na macho yanaona vimulimuli, usiniandikie mimi, nenda hospitali.

Mama mkwe mwache. Wangu alinipigia mwaka jana, wifi yangu mdogo alikuwa amejifungua wa pili, watoto wamefuatana kama wangu. Akazunguka, akauliza hali ya cherehani, mvua, bei ya mchele. Mwisho akashusha sauti: "Mwanangu, kile kijiti chako, pale kliniki wanaweka siku gani?"

Nikamwambia Jumanne, ila wawahi, foleni inafika kwenye mwembe.