Maswali ya wasomaji: “Vipimo viko sawa,” mbona goti linavimba?

Swali: Dokta, jambo. Kijana wangu ana miaka minne, kilo 16. Akikimbia kidogo tu, kesho yake goti limevimba na lina moto. Walimpima SS (selimundu), akatoka AA, yaani hana. Wakapima TS (muda wa damu kuvuja) na TC (muda wa damu kuganda), wakasema damu iko sawa. Alipotahiriwa alivuja siku tatu, na kaka yangu alikufa baada ya kung’olewa jino. Juzi walimpiga sindano ya diklofenaki kwenye tako, pakabaki uvimbe mgumu kama yai. Ni ugonjwa gani?
Mama wa Katuba, Lubumbashi

Jibu: Mama, tohara iliyovuja siku tatu na mjomba aliyekufa kwa jino zinatosha kututia shaka ya hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu isiyoganda vizuri. Hapa kwetu goti la mtoto likivimba watu huwaza SS kwanza, na hawakosei, maana SS ni nyingi. Kosa ni kuacha kutafuta jibu likitoka AA.

Tuangalie hiyo TS. Wanachoma sikio au kidole, wanafuta tone kwa karatasi kila sekunde 30, wanahesabu mpaka damu ikome. Kinachoziba kitobo kidogo namna ile ni chembe sahani (plateleti), na mwenye hemofilia anazo kamili. Kinachomshinda ni hatua ya pili: kukaza kile kizibo kwa nyuzi za fibrini. Protini zinazoleta nyuzi hizo huamshana kwa zamu, na kwake moja imepungua au haipo: faktari ya 8 katika hemofilia A, faktari ya 9 katika hemofilia B. Ndiyo maana TS hutoka nzuri hata kwa mgonjwa mkali, na jeraha lake hukauka kisha likaanza upya baada ya saa kadhaa. TC nayo huwapita wengi wenye ugonjwa wa kadiri au mwepesi. Kwa hiyo waliokuambia damu iko sawa hawakudanganya. Walipima kitu kingine.

Omba TCA na TP, vipimo viwili vya maabara vya muda wa damu kuganda (TCA ndiyo inayogusa faktari ya 8 na ya 9), pamoja na hesabu ya chembe sahani. Damu ya TCA na TP iingie kwenye tyubu ya kifuniko cha buluu, yenye sitrati, dawa inayozuia damu isigande: sehemu 1 ya sitrati kwa sehemu 9 za damu. Ijazwe mpaka mstari. Ikiachwa nusu, sitrati inazidi na TCA inatoka ndefu kwa uongo. Ipimwe ndani ya saa 4. TCA ikiwa ndefu huku TP na chembe sahani ni za kawaida, wapime kiasi cha faktari ya 8 na ya 9. Chini ya 1% ni kali. 1 hadi 5% ni ya kadiri. Juu ya hapo mpaka 40% ni nyepesi. Nyepesi huweza kuwa na TCA ya kawaida, kwa hiyo kwa historia ya kaka yako faktari zipimwe hata hivyo.

Wakati mnangoja: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziachwe, maana huziharibia kazi hata zile chembe sahani alizo nazo. Apewe parasetamoli. Sindano za nyama basi. Yai lile la takoni ni damu iliyojikusanya ndani ya msuli, msilikande. Chale za goti, hata shangazi akizishauri kwa upendo, ni majeraha mapya. Goti lenyewe lipumzike, liinuliwe juu ya mto, lifungwe bandeji ya kuvutika bila kubana sana, liwekewe barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20.

Ikithibitika kuwa ni A, dawa ni faktari ya 8 kwa mshipa. Uniti 1 kwa kilo hupandisha 2%. Kumfikisha 40% ni kilo 16 × 40 ÷ 2, yaani uniti 320. Chupa ikiwa ya 500, apewe yote, isimwagwe. Faktari ya 9 hupanda karibu 1% tu kwa uniti, kwa hiyo dozi yake huongezeka. Pasipo faktari, kriopresipiteti (sehemu iliyotengwa kutoka plazima, yaani maji ya damu) ina ya 8 lakini haina ya 9. Plazima iliyogandishwa ina zote, ila kidogo kidogo. Akigonga kichwa, nendeni hospitali saa ile ile, hata kama anacheka.

Swali: Kaka yangu ana hemofilia, mimi nina mimba. Mtoto wangu atakuwa nayo?
Msomaji wa Kampemba

Jibu: Kwanza ijulikane kama wewe ni mbebaji, yaani unabeba kasoro hiyo ya kurithi na unaweza kumpa mtoto. Mama yako akiwa mbebaji, nafasi yako ni nusu. Ukiwa mbebaji, kila mtoto wa kiume ana nusu ya kuugua, na kila wa kike nusu ya kubeba. Pima faktari yako pia, maana wabebaji wengine huvuja wakati wa kuzaa. Waambie wakunga mapema: wasimvute mtoto kwa vakyumu wala koleo. Damu ya kitovu ipimwe, na tohara ingoje jibu. Faktari ya 9 huwa chini kwa kila mtoto mchanga, kwa hiyo ikitoka chini kidogo irudiwe akifika miezi 6.

Swali: Binti yangu wa miaka 14 huenda hedhini siku kumi, na pua inatoka damu. Si hemofilia ni ya wavulana?
Baba wa Ruashi

Jibu: Baba, upo ugonjwa wa von Willebrand, wa upungufu au kasoro ya protini yenye jina hilo inayosaidia chembe sahani kunata, nao huwapata wote, wa kike na wa kiume. Hedhi ya zaidi ya siku 7, au pedi inayojaa kila saa, ni sababu ya kupima. Wapime pia hemoglobini na feritini (akiba ya madini ya chuma mwilini), na mwandike kundi lake la damu: wenye O huwa na protini ya von Willebrand chini kidogo kwa asili, na anayesoma jibu lazima alijue hilo.