Nimepigwa siti skani ya mbavu, wakaona kinundu kwenye pafu

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mwanaume wa miaka 46, naishi Tabata Segerea. Mwezi uliopita nilianguka na bodaboda pale Buguruni, kifua kikawa kinauma, nikapelekwa hospitali wakanipiga siti skani waone kama mbavu zimevunjika. Mbavu nzima namshukuru Mungu, ila ripoti imeandika nina kinundu cha milimita 5 pafu la kulia, juu, halafu chini wakamalizia "ilinganishwe na hali ya mgonjwa". Basi. Nimeisoma mwenyewe kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo. Sikohoi, sijakonda, sigara sijawahi kuvuta. Jirani anasema nianze dozi ya TB haraka, mtandaoni naona kansa tu, bahasha nimeificha chini ya godoro, mke wangu hajui. Nikiwa mdogo mjomba alikaa kwetu anaumwa TB, sijui kama inahusu. Niende Ocean Road, kwenye hospitali ya kansa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa ajali na pole kwa kukosa usingizi.

Nianze na huyo mjomba maana umemtaja mwisho kama hana maana, kumbe mi ndo ningemuuliza wa kwanza. Mtoto akilala nyumba moja na mtu anayekohoa TB anaweza kuvuta vile vijidudu, mwili ukavizingira ukavijengea kama kiukuta, na maisha yakaendelea asiugue hata siku moja. Kinachobaki ni kovu, na kovu hilo likikaa miaka linajaa chokaa, ndo maana kwenye picha linang'aa jeupe kama mfupa. Makovu hayo tunayakuta sana sehemu ya juu ya pafu, na Tanzania ilikuwa kwenye ile orodha ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo watu wazima wengi hapa Dar wanatembea nayo na hawajui kwa sababu hawajawahi kupigwa picha. Sisemi chako ni kovu, sijaiona picha. Nasema kansa sio jambo la kwanza la kufikiria.

Halafu ukubwa. Milimita 5 ni kama punje ya choroko, chukua moja jikoni uiweke kiganjani uione. Marekani kuna utafiti mkubwa wa wavuta sigara sana, majibu yalitoka 2011, na hata kwa watu wale, kila siti skani 100 zilizoonyesha kitu cha kutia shaka, zaidi ya 95 haikuwa kansa. We hata sigara hujavuta. Miongozo ya kimataifa ya 2017 inasema kinundu kigumu, yaani kilichojaa kwenye picha na sio kama ukungu, chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa hakihitaji kufuatiliwa, ila kikiwa juu ya pafu kama chako daktari anaweza kukurudisha kwenye siti skani moja baada ya miezi 12. Sio kila mwezi, mionzi nayo ina gharama yake mwilini. Miongozo hiyo lakini haimhusu mwenye HIV au aliyewahi kuugua kansa, kama ni wewe mwambie daktari mapema.

Yale maneno ya mwisho kwenye ripoti yamekutisha bure. Aliyeisoma picha hajakuona wala hajui habari za mjomba, anamwachia daktari wako aunganishe. Ndo maana inaniuma sana mtu kupewa bahasha akaondoka nayo bila kukaa na mtu wa kumueleza.

Dozi ya TB usianze. Ni miezi 6 ya dawa nzito, haianzwi kwa neno la jirani wala kwa kinundu kimoja tu. Lakini TB inaweza kuwepo bila kikohozi, kwa hiyo nenda ukapime makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB, vituo vya serikali ni bure. Ocean Road subiri kwanza, anza na daktari wa kifua, Muhimbili wapo, nenda na CD yenyewe yenye picha, sio karatasi tu, na muulize swali moja: kina chokaa au hakina? Kama kimejaa chokaa chote, hapo habari imeisha. Tafuta pia picha yoyote ya zamani ya kifua, hata ile eksirei ya kuanzia kazi iliyoko uvunguni, kwa sababu kikiwa kilikuwepo miaka 10 iliyopita na hakijakua, daktari atapumua na wewe utapumua. Ila eksirei mpya ikitoka safi isikudanganye, kitu kidogo hivyo mara nyingi haikioni.

Ukianza kukohoa zaidi ya wiki 2, ukitema damu, ukitoka jasho usiku au suruali zikaanza kukuvuka, usisubiri tarehe ya kliniki.

Na bahasha itoe leo chini ya godoro umwonyeshe mkeo. CD ikilaliwa inavunjika, na hiyo ndo picha tutakayolinganisha nayo mwakani.