Anayeogopa kuharibu mali ya mtu

Swali lenu la wiki hii linasema: kwa nini watu wazima wengi wanaiogopa kompyuta ilhali simu wanaishika kutwa? Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma, na ninavyowaona, wanachoogopa ni kuharibu mali ya mtu. Simu ni yao, hata ikianguka.

Hofu hii ina asili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Wazee wetu waliisikia tu kama chombo cha wakubwa. Sisi tukarithishwa. Kozi niliyosoma, wiki mbili za kwanza tulinakili ubaoni: "Kompyuta ni mashine ya kielektroniki inayopokea data..." Mashine zilikuwepo nne, zimefunikwa vitambaa, na neno tulilosikia zaidi ni "usiguse". Nilipewa cheti nikiwa bado natetemeka kuhifadhi faili.

Mwaka jana, siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawavutwi na taa na mitumbwi imelala, alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi. Daftari lake la wadeni lililowa, kurasa zikagandana. Alitaka nimchapie.

"Mama, kaa hapa, chapa mwenyewe."

"Nisije nikakuharibia, mwanangu."

Kipanya alikishika kwa ncha za vidole, kama kifaranga. Kilipofika ukingoni mwa meza alikwama; hakujua kwamba unakinyanyua tu na kukirudisha katikati. Nusu saa, majina manne. Halafu akagusa sijui wapi, yote yakafutika. Akainua mikono juu. Nikamwambia abonyeze Ctrl na Z kwa pamoja. Majina yakarudi.

Akanitazama. Akayafuta tena, safari hii makusudi, akayarudisha. Akafuta mara ya tatu. Mabega yakashuka, akavuta kiti karibu, akauliza: "Na hesabu je, inajumlisha yenyewe?"

Tangu siku ile, anayekuja kwangu kujifunza namwanzisha na kufuta na kurudisha. Majina ya vifaa atayajua akivihitaji. Na aje na kazi yake: wadeni wake, barua yake, fomu yake ya mkopo wa chuo. Barua ya mfano ya mtu asiyekuwepo haimkai mtu kichwani. Walimu wa kozi nawaomba sana, ondoeni vitambaa.

Kitu kimoja Ctrl na Z haikirudishi: kilichopotea umeme ulipokatika. Huku kwetu tulikokaa miaka mingi na umeme wa majenereta, hilo halihitaji maelezo, kwa hiyo somo la pili ni Ctrl na S, ya kuhifadhi kazi. Yule mama bado anakuja kila mbalamwezi. Akimaliza jina la mdeni na kiasi anachodaiwa, kidole kinakwenda kwenye S kabla hajainua macho.